Mstari wa Kutembea

Kocha Tekla hajui kusema polepole. Akiita "Magoti juu!" pale uwanjani Chamazi, hata wauza mihogo ng'ambo ya barabara wananyoosha migongo. Mimi nafua jezi za timu yetu ya wasichana, mwaka wa sita huu, na sijaona mtu anayejali miguu ya wenzake kama yeye. Jina la mchezaji anaweza kulisahau, paja lililokaza halisahau.

Kwao ni Masasi na ni Mkristo, lakini Ramadhani anaiheshimu kutushinda wengine tuliozaliwa ndani yake. Mwezi ukiandama anapanga mistari miwili. Waliofunga wanatembea na kunyoosha viungo, wasiofunga wanapandisha kilima cha mchanga mbio. Kila msichana anachagua mstari wake na haulizwi, maana wasichana wana siku zao za kutofunga, na hilo si jambo la kutangaziwa uwanja mzima. Mimi mwenyewe niliusifia utaratibu ule.

Mwaka juzi Raudha, winga wetu wa kulia, alisimama mstari wa mbio. Jumapili iliyofuata kulikuwa na mchujo wa timu ya mkoa, naye aliogopa kuonekana mlegevu. Tekla aliiona midomo yake imekauka, akanyamaza kwa heshima. Mbio za saba, Raudha akashika nyuma ya paja na kuanguka. Msuli ulikuwa umechanika. Nilipofungua begi lake kutafuta kanga ya kumfunika, nikakuta tende tatu kwenye karatasi na chupa ya maji haijafunguliwa. Alikuwa amefunga. Nikamwonyesha Tekla.

Raudha hakurudi uwanjani. Alihamia kwa shangazi yake Kibamba, simu akawa hapokei.

Tangu hapo Tekla ana hamu na yule binti mpaka inakera. Mazoezi yakianza, macho yanamwenda upande wa kulia. Jezi yake namba saba hataki ivaliwe na mtu, na kila wiki naifua, haina hata vumbi. Ramadhani hii nikachoka.

"Kocha, jezi safi mie sifui tena," nikamwambia. "Kesho twende Kibamba."

Tulimkuta barazani anafunga sambusa za kuuza jioni.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba." Sauti ile ya Chamazi sijui aliiacha wapi. "Nisamehe, mwanangu. Niliiona midomo yako siku ile."

Raudha alimaliza kufunga sambusa aliyokuwa nayo mkononi.

"Nilikuwa nasubiria uniulize," akasema. "Ungeniuliza mara moja tu, kocha, nisingekudanganya."

Tekla alifuta macho kwa mkono wa tisheti.

"Leo umefunga?"

"Nimefunga."

"Basi njoo mstari wa kutembea."

Raudha akanawa unga mikononi. Tulikwenda watatu hadi mwisho wa mtaa na kurudi, Raudha akiuvuta kidogo mguu wa kulia.

"Unauma?" Tekla aliuliza kila baada ya nyumba mbili tatu.

"Unauma, kocha," Raudha akajibu kila mara.

Jezi namba saba nilikuwa nayo kwenye mkoba, niliibeba nimpe. Nilirudi nayo Chamazi.