Homa Ilishuka, Mshipa Ukaoza

Yuma, dereva wa lori wa mtaa wa Murara mjini Goma, alikuwa mtu wa kucheka. Babake alitoka Maniema na biashara ya vitenge. Yeye akachagua usukani, akawa anasomba maharage kutoka mji wa Kiwanja. Tumbo likimsumbua njiani, alinunua vidonge vya metronidazoli kwenye kiduka cha dawa, akameza viwili vitatu, na maumivu yakipoa akaacha. Madereva wenzake walifanya vivyo hivyo.

Mwaka jana apandisiti, yaani kidole tumbo, ikampasukia safarini. Akaendesha hadi Goma akiwa ameinamia usukani, akapasuliwa, kidonda kikafunga. Lakini homa ikarudi, pamoja na maumivu ya mgongo ambayo alidhani yanatokana na kiti cha lori. Alipoanza kutetemeka hata juani, mkewe Alima akamrudisha hospitali.

Daktari Balagizi alimpima, kisha akamwita Alima pembeni. Alimweleza kwamba vijidudu vya utumboni, vile vinavyoishi pasipo hewa, vilikuwa vimeingia kwenye damu na kung'ang'ania ukuta wa aota, mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Damu iliyopimwa ng'ambo ya mpaka ilionyesha kuwa metronidazoli haiviui tena.

Dawa nyingine, ya sindano, ikapatikana kwa taabu. Homa ikashuka. Yuma akaomba bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akala akamaliza, akamtania Alima kwamba amekonda kuliko mgonjwa. Ndugu zake wakafurahi. Alima hakuweza, maana Balagizi alikuwa amemwita tena.

"Mama, dawa imeua wadudu," alisema. "Lakini mushipa wameshaula. Inafaa ukatwe, uwekwe mwingine wa kutengenezwa. Hapa Goma hatuna mutu wa kufanya kazi hiyo."

"Basi tumupeleke wapi?"

"Mbali sana, kwa ndege, na uwanja wetu umefungwa tangu vita. Ng'ambo ya mupaka nao wamesema hawamuwezi."

Alima alikaa na maneno hayo mpaka Yuma mwenyewe alipomuuliza daktari amesema nini. Akamwambia yote. Yuma aliweka mkono juu ya tumbo, pale ambapo sasa alisikia mapigo chini ya ngozi.

"Munirudishe nyumbani," akasema.

Nyumbani alikatazwa kuinua kitu chochote, mshipa usije ukapasuka. Binti yao mdogo, Aziza, alizuiwa asimrukie. Alisimama mlangoni akilia, asielewe babake amemkasirikia nini. Chakula Yuma hakukitaka tena. Kila alipokohoa, alijishika mgongo na kusubiri.

Alasiri moja, akitawadha ameketi, aliita jina la Alima mara moja, akaanguka ubavu. Alima alipofika, uso wa Yuma ulikuwa umeshapauka, na hakuwa akipumua.

Madereva wenzake walimzika kesho yake. Alima amebaki akijiuliza kama angemficha maneno ya daktari, labda Yuma angekula siku zile za mwisho kwa hamu ileile ya hospitalini.