Yowe Lisilo na Mwenyewe

Naisiae alikuwa anakunywa chai chumbani kwake mtaa wa Daraja Mbili, simu ilipopiga yowe kwa sauti yake mwenyewe.

"Mwizi! Ng'ombe wa Loishiye yuko kwa Yiamat, hapa joshoni! Tokeni!"

Sauti ile aliirekodi yeye siku kampuni inaanza, akaiachia mashine iitumie itakavyo. Kila mara ikisikika alikuwa anatabasamu. Siku hiyo alipolisikia jina la Yiamat, mzee wa kanisani kwao, chai ilimmwagikia mapajani na hakuhisi moto wake.

Kampuni yake aliiita Yowe, na haikuwa na mfanyakazi hata mmoja. Kazi zote zilifanywa na wasaidizi wa akili mnemba, wale wanaotumwa mara moja na kuendelea wenyewe. Mmoja aliandika programu, mwingine alizungumza na wateja kwa Kiswahili na Kimaa, na wa tatu aliangalia picha za kamera kwenye majosho, wafugaji wanapoogesha mifugo. Akimwona ng'ombe wa fulani kwenye kundi la mtu mwingine, anampigia mwenye mali. Mwenye mali asipopokea, anapiga yowe kwenye simu za vijana wote wa eneo lile.

Mwanzoni hakuna yowe lililotoka kabla Naisiae hajalikagua kwa macho yake. Kisha wateja wakaongezeka kutoka Kisongo mpaka Oldonyosambu, na kwenye mkutano mmoja wa kampuni changa pale mjini, mgeni mmoja akamwuliza, "Binti, mbona bado umekaa katikati? Wewe ndiye unayechelewesha kazi." Aliona aibu. Jioni ile ile akajitoa katikati, akamruhusu msaidizi aamue peke yake.

Sasa kuna jambo moja ambalo hakumfundisha. Kwao, Waarusha, mtu humpa rafiki yake ng'ombe akae naye, watoto wanywe maziwa, na toka siku hiyo hawaitani tena majina, wanaitana pakiteng. Naisiae alilijua hilo tangu anatambaa. Lakini humwulizi mwanamume ng'ombe wake wako wapi. Ni kumvua nguo mbele za watu. Basi wakati wa kuandikisha mifugo, yeye aliyelelewa vizuri aliinamisha kichwa, akapokea picha, hakuuliza. Loishiye alimwandikisha ng'ombe wake mwekundu mwenye sikio lililochanwa, na hakusema kwamba anakaa kwa Yiamat. Nani angesema? Na kamera ya josho analotumia Yiamat ilikuwa imewekwa wiki hiyo tu.

Naisiae akampigia Loishiye. Simu imezimwa. Baadaye ilijulikana alikuwa kanisani kwenye ibada ya mazishi ya shemeji yake, akaizima kwa heshima.

Akamwandikia msaidizi: Futa yowe hilo sasa hivi.

Jibu likaja hapo hapo, la adabu. "Nimelifuta. Ila walioitikia wameshaondoka, na ujumbe wa kufuta hawajausoma."

Naisiae alitoka bila viatu, akamdaka kijana wa bodaboda njiani.

"Kisongo, kwenye josho. Kaka yangu, nakuomba kwa jina la Yesu, usishike breki."

"Kuna nini, dada?"

"Wanaua mtu."

Walipofika, vumbi lilikuwa limesimama juu ya josho, na kelele zilikuwa zile za watu wasiojua tena wanasema nini. Yiamat alikuwa chini kwenye matope ya dawa ya kupe. Mzee yule mpole, mwimbaji wa sauti nzito kanisani, goti lake moja lilikuwa limegeukia lisikopaswa kugeukia, na jicho halikuonekana kwa uvimbe. Parsimei, kijana mrefu aliyekuwa kiongozi wa vijana wa pale, alikuwa amemkata sikio kwa sime.

"Unapenda alama za masikio, sivyo mzee?" alisema, huku anahema. "Haya, na wewe tumekuwekea ya kwako."

Wengine wakacheka. Rungu likashuka mbavuni, likashuka tena, na kila liliposhuka Yiamat alitoa sauti ndogo, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini.

Mke wake, Nkasiogi, alikuwa ameshikwa mikono yote miwili na vijana. Alikuwa amepiga kelele mpaka sauti imekauka. "Ni pakiteng yake! Loishiye mwenyewe alimleta huyo ng'ombe, mwaka wa ukame! Muulizeni Loishiye!"

"Mama, tulia," kijana mmoja akamwambia. "Simu imeshasema. Simu haina undugu na mtu."

Pembeni, mwingine alikuwa ameilaza pikipiki yake ubavu, anamimina petroli kwenye chupa ya soda.

Naisiae hakufikiri. Alipita katikati ya miguu yao, akajitupa juu ya mzee. Rungu lililokuwa njiani halikuweza kurudi. Lilimpata mkono wa kushoto, mfupa ukalia kama muwa unaovunjwa, na yeye akalia kwa nguvu zake zote.

Hapo ndipo wakanyamaza. Waliifahamu sauti ile.

"Ni yeye," mtu akasema. "Ni yule wa kwenye simu."

"Mimi ndiye niliyepiga yowe," Naisiae akasema, mdomo wake ukiwa na matope. "Msimguse tena."

Parsimei alirudi nyuma hatua moja. Kwao, anayepiga yowe hukimbia mbele ya wote, na akifika huonyesha alichokiona kwa macho yake. Akiwa amedanganya, balaa humrudia yeye. Siku hiyo walikuwa wamekimbia wote, wakapiga, na hakuna aliyekumbuka kuuliza nani yuko mbele.

"Haya, sema," Parsimei akamwambia. "Uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Hukuona? Nani aliona?"

"Mashine."

"Basi iite," akafoka, mate yakimtoka. "Ije isimame hapa tuiulize!"

Hakuna aliyecheka. Naisiae akainua kichwa. "Mashine haina miguu. Mimi ninayo. Nizuieni mimi hapa mpaka Loishiye aje. Akisema huyu ni mwizi, ile petroli nimwagieni mimi. Lakini mzee aende hospitali sasa."

"Haendi mtu," Parsimei akasema. "Mtakaa wote wawili."

Kijana wa bodaboda akageuza pikipiki kwenda kanisani kumfuata Loishiye. Wakakaa. Jua lilikuwa kali. Naisiae alivua kitambaa chake, akaubana upande wa kichwa uliokatwa, na damu ikapita katikati ya vidole vyake. Nkasiogi aliachiwa, akaja akakishika kichwa cha mumewe magotini, akaanza kumwimbia tenzi polepole. Mara ya kwanza Yiamat alijaribu kuitikia. Mara ya pili hakuitikia.

Loishiye alifika na koti lake jeusi la mazishi. Alimtazama ng'ombe, akamtazama mtu aliye chini, akapiga magoti.

"Pakiteng," aliita. "Pakiteng yangu, ni mimi."

Kisha akainuka, akaokota rungu lenye damu, akampiga nalo Parsimei mdomoni, meno yakamwagika kwenye vumbi. Hakuna aliyemzuia. Parsimei mwenyewe hakuinua mkono. Vijana wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuangaliana, na yule wa petroli akaiacha chupa yake pale pale.

Walimpakia Yiamat kwenye pikapu ya mtu aliyekuwa amekuja kuogesha mbuzi. Alikata roho kabla hawajaona nyumba za Ngarenaro, pale mjini unapoanzia. Wakiwa bado njiani, simu ya Naisiae ilitoa mlio. Msaidizi alikuwa anatoa taarifa: yowe la leo limeitikiwa haraka kuliko yote yaliyopita, na ameshawaandikia wafugaji wapya kuwaeleza mafanikio hayo.

Nkasiogi aliona mwanga wa simu. "Inasema nini?"

Naisiae angeweza kunyamaza. Akamsomea.



Polisi walimchukua Parsimei na wenzake wawili. Naisiae aliandikisha maelezo yake pia, akasema jina lake lote na la baba yake, na hakumtaja msaidizi kama mtu aliyekosa. Aliporudi Daraja Mbili aliwazima wasaidizi wote kwa mkono mmoja uliobaki mzima, akafuta picha za ng'ombe, akafuta na sauti yake. Mgeni yule wa mkutanoni alimpigia kumsihi asiwe na haraka, kosa dogo linarekebishika. Alimjibu, "Shikamoo baba," akakata.

Mkono uliovunjika haukunyooka tena. Kila Jumamosi anapanda mpaka kwa Nkasiogi, anasimama mlangoni na kuamkia. Nkasiogi haitikii. Naisiae anafagia zizi, anachota maji, anaosha masufuria, anaamkia tena wakati wa kuondoka, anaondoka. Mvua za vuli zimeanza na kuisha hivyo.

Juzi alikuwa ameinama anafagia, mama yule akatokea mlangoni.

"Kuni zimeisha," akasema.

Naisiae akaweka ufagio chini, akachukua kamba, akashika njia ya mlimani.