Miaka Saba kwa Mpini wa Ufagio

"Mzee Murjan, huyu mtoto yuko na miaka saba," nikamwambia mara ya tatu.

"Mama Kaltuma, kama yuko na saba, mbona hanywi maziwa ya bure ya Nyayo shuleni?"

Nikamjibu kwamba yanamharisha. Nikajitia kitanzi mwenyewe, maana kuhara ndilo neno asilotaka kulisikia karibu na msikiti wake.

Nasema wake kwa sababu ndiye aliyeutunza, akiufagia kabla ya kila swala. Ujanani alifagia veranda ya mzungu huko Soy, na nasikia hata kuku walipangusa miguu kabla ya kupita. Hakuoa, mikeka ndiyo wanawe. Idd moja ya Julai mtoto aliukojolea mkeka wa mbele, Mzee akaifua mikeka yote. Mvua ya Eldoret ikamnyima jua wiki mbili, watu wakasujudu juu ya magunia ya mahindi. Mimi mwenyewe niliona punje imechipua kwenye ndevu za mwadhini, na tulipalilia.

Basi akatunga sheria: mtoto asiyefika juu ya mpini wa ufagio hajatimiza saba, haingii. Vyeti vya kuzaliwa nani alikuwa navyo? Mjukuu wangu Nanzala alifika katikati. Nikamweleza Mzee kwamba baridi ya hapa huwarudisha watoto ndani kama kobe. Hakucheka. Mama yake Nanzala alikuwa zamu ya mchana kiwandani, na pale mtaani kwetu Huruma hakuna wa kumwachia. Akirudishwa yeye nami narudi, na hiyo ingekuwa Ijumaa ya tatu bila kuswali na wenzangu.

Mimi sikusoma, lakini masikio yangu yamesoma. Nikamkumbusha darasa la Sheikh wetu wa hapo msikitini: Mtume aliswali amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu anamweka chini, akiinuka anambeba. Na hiyo saba ni miaka ya kuamrishwa kuswali, si ya kufunguliwa mlango. Yeye akasema tumeambiwa tuwaepushe watoto na misikiti. Nikasema Sheikh anaiita hiyo hadithi dhaifu.

"Hadithi ni dhaifu," akasema, "lakini mkojo una nguvu. Na msikiti wa Mtume ulikuwa na mchanga. Mchanga unakunywa. Mkeka wangu unakunywa?"

Hapo alinipata. Nikashusha mkono nimshike Nanzala twende zetu, mkono ukashika hewa. Patipati zake tu ndizo zilizobaki pale mlangoni. Nikaanza kuongea haraka, lolote lile, Mzee asigeuke: kwamba mtoto huyu nimemdhamini, kwamba akichafua nitafua mimi.

"Utafua wewe, na jua utalitoa wapi?" akasema. "Wallahi, Mama Kaltuma, siku huyo mtoto atakanyaga mkeka wangu, mimi nita—"

Sheikh akaingia kwa mlango wa upande, ametoka kutawadha, Nanzala mabegani, miguu yote minne ikidondosha maji juu ya mikeka.