Kimeo Changu

Sauti ilinipotea katikati ya muhula. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu huko Kishapu, watoto wamebanana hadi kwenye madirisha, na mwalimu asiye na sauti ni nani? Mwalimu mkuu aliniambia kwa upole kwamba nisipopona atanihamishia stoo, nikagawe majembe.

Mama alikuwa na jibu lake. Kimeo kimerefuka, kinagusa koo, kikatwe. Alikuwa ameshazungumza na mkataji. Nilimwomba twende kwanza hospitali ya Shinyanga, akakubali shingo upande. Tukapanda basi la alfajiri, yeye na kibuyu chake cha maziwa mgando mapajani.

Chumba cha daktari kilinuka spiriti. Mama alikaa kwenye benchi nyuma yangu. Daktari alimwamkia shikamoo, mama akaitikia, kisha daktari akanipulizia dawa chungu kooni. Baada ya muda mfupi koo likawa si langu. Nilimeza mate nisijue kama yameshuka. Nilidhani nitaogopa, kumbe hata woga ulikufa ganzi.

Alipasha kioo kidogo chenye mpini mrefu juu ya moto, akakijaribu mgongoni mwa mkono wake. Muuguzi alinishika bega, akaniambia nipumue kwa mdomo, polepole, nisihangaike. Daktari akaushika ulimi wangu kwa kitambaa, akauvuta. Niliambiwa niseme iii. Ilitoka pumzi tupu.

Aliangalia muda mrefu. Halafu akauachia ulimi.

"Mwalimu, kimeo chako kilikatwa lini?"

Sikuwa na habari. Aliyejibu ni mama, kutoka kwenye benchi.

"Nilimpeleka mimi, baba. Alikuwa bado ananyonya. Nikajua kimeota tena."

Daktari alimweleza kwamba kimeo hakioti tena. Kooni hamna uvimbe, alisema, ni nyuzi za sauti zimechoka kwa kelele na vumbi la chaki. Nikae kimya wiki tatu, hata kunong'ona marufuku, na sauti itarudi. Nisile wala kunywa mpaka ganzi iishe.

Hapo ningepaswa kufurahi. Nilifuta udenda kwa leso, basi.

Kwenye basi la kurudi, kibuyu kilikuwa bado kimejaa. Tulikuwa tumeshapita mashamba mengi ya pamba mama alipofungua mdomo.

"Aliyekutangulia hatukumkata. Alikohoa siku nne, akafa. Ulipoanza wewe kukohoa, sikungoja mtu." Akakiweka sawa kibuyu mapajani. "Ng'wanawane, mwanangu, umenikasirikia?"

Sikujua kwamba kuna aliyenitangulia. Maisha yangu yote nilijiita kifungua mimba wake.

Nilikuwa nimekatazwa kusema. Nilitikisa kichwa kwamba hapana, lakini yeye alikuwa ametazama nje, dirishani.