Siku Nilipolamba Chakula cha Kuvu

Nakumbuka siku niliyolamba chakula cha kuvu, wala sikulamba kwa njaa. Kilikuwa kinang'aa, kina rangi ya asali, na mjomba wetu, Tonton Gaspard, alikuwa amesema kisiguswe. Mwanangu, ukiniambia kitu kisiguswe, vidole vyangu vinasikia kinyume. Ndiyo, nakuita mwanangu, wewe wa darasa la chini, hata kama ndevu zangu bado ziko safarini. Niliyoyaona mwaka ule yamenizeesha vya kutosha.

Mdogo wangu Faida, aliyekuwa bado anajifunza kusimama, alikohoa majira yote ya mvua. Si kikohozi cha kupita. Kifua kilikuwa kikiingia ndani, na sisi mezani tunaacha kutafuna mpaka pumzi yake irudi. Mchana alilala kwenye atelie ya Papa, fundi cherehani, kati ya mabaki ya vitambaa. Usiku alilala kwetu, mtaani Kabondo, chumbani mwa Mama. Zahanatini walimpa dawa ya maji. Chupa ikaisha, kikohozi kikabaki.

Ndipo akaja Tonton Gaspard, mdogo wake Mama, anayefanya kazi kwenye maabara. Alileta visahani viwili vya kioo vyenye vifuniko, na ndani uji mgumu ulioganda.

"Kuna mbegu za kuvu zinatembea ndani ya hewa," alisema. "Hatuzioni. Sahani ikikaa wazi, zitaanguka juu ya chakula hiki na kuota. Donc, basi, moja nyumbani, moja atelie. Tutajua mutoto anavuta hewa gani."

"Tuweke na ya tatu shambani," nikasema, "labda mihogo itajiotea, Mama apumzike."

"Weye, kichwa chako ndiyo iko na kuvu," Mama akajibu.

Sahani ya nyumbani ilifungwa uzi mwekundu, ya atelie uzi mweusi. Nikaachiwa ya nyumbani niilinde hadi saa ya kuifunika. Nikailinda kwa ulimi. Ladha ilikuwa ya supu iliyosahauliwa. Ubaya ni kwamba ulimi uliacha njia, kama konokono amepita. Basi nilipotumwa kuipeleka kwa Tonton pamoja na ile ya atelie, nilisimama njiani nikabadilisha nyuzi. Nilifikiri, atelie inaingia wateja, mafundi na mbuzi wa jirani. Huko ulimi utapata wa kusingiziwa.

Tonton alirudi baada ya siku chache, visahani vimefungwa, akatukataza kabisa kuvifunua. Chenye uzi mwekundu kilikuwa na madoa machache tu. Chenye uzi mweusi kilikuwa msitu. Kijani, cheusi, cheupe chenye nywele, duara ndani ya duara, kimesimama kama kimepandwa na mkono wa mtu, na katikati njia ya manjano yenye utelezi, ambayo mimi peke yangu niliijua. Tonton alinipa lenzi yake. Niliona miti midogo kabisa, kila mmoja na kichwa chake.  Vile vitu vilikuwa juu ya sahani zetu za wali, juu ya mito yetu, kila siku, na sisi tunaimba na kugombana katikati yake.

Papa alikunja futi yake ya kupimia pole pole. "Basi iko atelie yangu inaua mutoto. Kuanzia leo Faida hatoki nyumbani."

Sasa ujue kitanda cha Faida. Kilikuwa sanduku la Mama, lililosukumwa ukutani na kutandikwa godoro dogo. Ndani zilikaa liputa za ndoa yake, yaani vitenge alivyoletewa na ukoo wa Papa, zikingoja siku Faida ataolewa. Kabla ya siku hiyo hazifunguliwi ovyo. Ufunguo ulifungwa kwenye pindo la nguo ya Mama, na sisi watoto tulipita karibu na sanduku lile kama tunapita kanisani.

Faida akalala juu yake mchana na usiku. Kikohozi kikazidi. Adhuhuri moja midomo yake ilibadilika rangi, Mama anamzungusha uani, anaita jina lake, Papa na Tonton wamekuja mbio. Nilikuwa na mzaha mdomoni. Kikatoka kitu kingine.

"Tonton, nyuzi nilizibadilisha. Ile yenye msitu ni ya hapa nyumbani. Na nililamba."

Papa akainua rula ya kukatia nguo. Tonton akamshika mkono. "Ngoja, shemeji. Kwanza mutoto atoke humu. Huyu utamupiga hata kesho."

Faida akapelekwa atelie, naye Tonton akarudia kazi yake, kisahani jikoni, sebuleni na juu ya sanduku. Safari hii nilikaa nimekalia mikono. Siku zilipopita, kile cha sandukuni kiliwashinda wenzake wote.

"Dada, fungua."

"Liputa za ndoa hazifunguliwi kwa sababu ya kisahani," Mama alisema.

 Tonton alikiweka kile kisahani mbele yake tu. Mama akakitazama, akafungua fundo la nguo yake.

Kifuniko kilipoinuka, vumbi la kijani lilipanda na kusimama ndani ya jua la dirishani. Ukuta ulikuwa umenywa maji ya paa na kuyapitisha sandukuni. Liputa zilikuwa zimeota manyoya. Mama alishika ya juu, nayo ikachanika bila sauti.

Mwanangu, nyumba inapumua, na unavuta inachotoa. Sogeza sanduku mbali na ukuta. Anika hata kile unachokiheshimu, hasa kile unachokiheshimu. Kipimo kikiwekwa, kiache kiseme chenyewe. Na kama umekivuruga, sema mapema, kabla mwingine hajakosa pumzi kwa sababu yako. Mungu akupe paa lisilovuja, kifua chepesi, na Tonton wa kushika rula.

Tulichoma liputa uani, Papa akaziba paa na kukwangua ukuta. Jua lilipokuwa limekausha chumba, Faida alirudishwa, akalazwa kwenye mkeka katikati. Nikafungua mdomo nieleze tena habari ya ulimi wangu, maana sasa ilikuwa inachekesha. Mama akaweka kidole juu ya midomo yangu.

"Nyamaza kidogo, weye. Sikiya vile mutoto anapumua."