Paa Lililoanguka Kwamsisi Tu

Nilikwenda Korogwe kwa sababu Bibi alikataa kuja kwenye harusi yangu. Hakumkataa mchumba, kijana wa Bungu mwenye adabu zake. Alikataa ukumbi. Kamati ilikuwa imechagua ule wa zamani pale mjini, ambao wenyeji husema ndio jengo la kwanza la umma pande zile kuezekwa kwa zege lenye nondo, kabla ya uhuru. Bibi akasema ukumbi ule ulishaanguka. Baba yake alikuwa kibarua pale, na siku mafundi walipoondoa mirunda, ile miti iliyoshikilia paa, aliusikia kwa masikio yake ukiporomoka.

"Huo wenu ni wa pili," alisema. "Na wenyewe utaanguka."

Kijiji chetu kizima cha Kwamsisi kinaamini hivyo. Na bila Bibi, aliyenilea tangu nina miaka mitatu, mimi siolewi. Nilishalitamka hilo mbele ya kamati.

Jumanne alfajiri nilipanda bodaboda mpaka barabara ya lami. Furaha yangu siku hiyo haikuwa na adabu. Nilimsalimia kila mwenye baiskeli tuliyempita, na dereva akaniuliza kama nagombea udiwani. Nikamwambia nakwenda kukagua paa.

Segera nilinunua machungwa sita ya kupeleka ukweni. Yalifika mawili.

Saa tano nilikuwa Korogwe mjini, mtaa wa Masuguru anakoishi mama mkwe. Alinipa makande, akayapokea machungwa yake mawili kwa mikono yote miwili kama vile ni gunia, nami nikaona aibu hadi masikioni. Nilipomweleza shida yangu alicheka, akanielekeza kwa mtunza ukumbi.

"Mzee Shemhilu atakwambia yote," alisema. "Kazi itakuwa kumnyamazisha."

Adhuhuri nilisimama mlangoni mwa ukumbi. Mzee Shemhilu, mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote, alikuwa anafagia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Handeni, Kwamsisi."

"Aa, Mzigua. Ingia, usiogope, halikuangukii."

Niliingia nikatazama juu, nikasahau kuufunga mdomo. Ukumbi wote ule, na katikati hakuna nguzo hata moja. Mzee akaninyooshea ufagio kwenye mistari myembamba darini. Ni alama za mbao, alisema. Walipiga mbao kwanza, wakasuka nondo juu yake, kisha zege likapanda kwa karai, mkono kwa mkono, toka asubuhi hadi jioni bila kupumzika, maana zege likikatishwa njiani linabaki na ufa. Baba yake alikuwa mmoja wa mafundi.

"Na siku ya kuondoa mirunda?" niliuliza.

"Siku hiyo watu wa mjini walikaa ng'ambo ya barabara. Nani alishaona paa la mawe lisilo na nguzo? Basi mafundi na vibarua wao wakaingia, kila mtu akageuza ndoo yake akaikalia, hapa hapa chini, wakaamuru mirunda itolewe. Ndiyo ilikuwa desturi yao. Uliyejenga, kaa chini yake."

"Halikuanguka?"

"Zilianguka mbao. Kishindo chake kilisikika hadi mtoni. Paa ni hili hili unaloliona." Akaegemea ufagio. "Ila ndoo moja haikuwa na mtu. Kijana mmoja wa Handeni aliomba ruhusa akajisaidie. Mpaka leo hajarudi."

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Kisha nikacheza, peke yangu, mduara mzima wa ukumbi, na Mzee Shemhilu akanipigia makofi. Paa lilikuwa zima. Harusi ninayo.

Kwenye basi la kurudi ndipo furaha ilipopata kigugumizi. Ili Bibi aamini kwamba paa halikuanguka, lazima nimwambie kwamba kijana wa ile ndoo tupu ni baba yake, na kwamba alikimbia. Bibi humtaja marehemu huyo kwa kushusha sauti. Niliogopa kumvunjia heshima mzee wake, nikaogopa pia kuolewa bila yeye, na mpaka nashuka sikuwa nimeamua.

Saa kumi na mbili jioni nilimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Mke mwenza, umerudi," alisema, kama anavyonitania siku zote. "Umeona?"

Nilikaa mkekani nikamweleza habari za nondo, karai na alama za mbao. Nilipofika kwenye ndoo nikachukua hindi, nikaanza kupukuchua na mimi.

"Maliza," alisema.

Nikamaliza, macho yangu kwenye mahindi.

Bibi aliendelea kupukuchua hindi lake mpaka likaisha. "Mama alinieleza ukweli kabla hajafa," alisema. "Baba alirudi amejaa mavumbi hadi kiunoni, akasema limeanguka, na watu wakampa pole. Angeanzaje tena kusema kwamba halikuanguka? Mimi nikasema sitaingia mle, wasije wakaniuliza mtoto wa nani."

Nilimshika mkono. Nilikuwa nimekwenda kutafuta habari za zege, kumbe miaka yote lililokuwa linamtisha Bibi ni kicheko cha watu. Nikamwambia hatulazimiki, nitaiomba kamati itafute ukumbi mwingine.

"Usithubutu." Alikung'uta makapi kwenye khanga, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Mwambie huyo mzee wa Kisambaa aniwekee ndoo katikati ya ukumbi. Mwambie aliyekwenda kujisaidia amemtuma binti yake aje kukaa."