Mama Mkwe Kwenye Maonyesho ya Nyoka

Niseme mapema ili mtu asinihukumu katikati ya safari: nilikuwa nafuga nyoka ndani ya nyumba. Alikuwa jike, chatu mdogo wa ile aina ya Afrika Magharibi ambaye akiogopa anajikunja mpaka anakuwa duara. Nilipewa na mfanyakazi mwenzangu wa ghalani, Mmarekani aliyekuwa anahamia jimbo la mbali, nami nikampokea kwa sababu sijui kumnyima mtu ninayekula naye chakula cha mchana. Wiki ya kwanza nililala nikiwa na taa. Baada ya mwaka nilimjua kuliko ninavyolijua gari langu. Nilijua lini anataka kula, lini anakaribia kujivua ngozi na hataki kuguswa, na namna anavyopanda mkono polepole akitafuta joto la kwapa. Nilimpenda. Kanisani wanasema mtu hawezi kumpenda nyoka. Hawajajaribu.

Mke wangu alikubali kwa masharti. Nyoka akae kwenye chumba kidogo cha chini, mlango ufungwe kwa ufunguo, na ile friji ndogo ya panya wake isionekane karibu na jiko hata kwa ndoto. Tuliishi hivyo Louisville, kwa amani kabisa, mpaka siku tuliyopata habari kwamba mama yake amekubaliwa kuja Amerika kutoka kambi ya wakimbizi, anakuja kukaa na sisi.

Kwetu milimani, Kivu ya Kusini, nyoka hahesabiwi kuwa mnyama, anahesabiwa kuwa habari mbaya. Ukimwona unamwua. Ukishindwa unaita jirani, na jirani akishindwa mnaita mchungaji.

"Mama akimwona huyo," mke wangu alisema, "anarudi kambini kwa miguu."

"Kuna bahari hapo katikati."

"Atatembea juu yake. Ana imani."

Basi ikaamuliwa hivyo, chatu aondoke. Wanaosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwahi kuwa na chatu chumba cha chini. Nikaanza kutafuta mtu wa kumpa, na sikutaka mtu wa hivi hivi. Kwenye kundi letu la wafugaji la mtandaoni kulikuwa na kijana mmoja Mrundi wa Buffalo, amenunua nyumba ya zamani kule Black Rock na kuweka mijusi kwenye chumba kizima cha juu, huku yeye na mke wake wakibanana chini. Nikasema huyu anafaa. Tukakubaliana tukutane Columbus kwenye maonyesho ya mwezi wa tatu, ambako wafugaji wa mikoa ile yote wanakusanyika na nyoka zao, kobe zao na mijusi yao, na yeye alikuwa anauza mijusi kwenye meza.

Mama mkwe akafika kabla ya maonyesho. Akapita mbele ya ule mlango uliofungwa kila siku na hakuuliza kitu. Hapo lazima nieleze, kwa sababu bila hilo habari hii haina maana. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana mpaka inachosha. Hamli sahani moja, hamtazamani machoni, na maneno yanapita kwa mtu wa katikati. "Mwambie mukwe wangu chumvi iko karibu na yeye," anasema mama, na mimi niko hapo, chumvi naiona. Kama hakuna mtu wa katikati, mama mkwe wangu alikuwa na ufundi wake mwenyewe. Alimwambia Mungu, kwa sauti, nami nikasikia.

Sasa mke wangu, kwa kutafuta maneno mepesi, akamwambia mama yake kwamba Jumamosi naenda Columbus kwenye maonyesho ya wanyama ambao watu wanafuga. Ungemwona mama! Watu wa milima yetu wakisikia mnyama wa kufugwa wanasikia ng'ombe. Mwingine ni wa kujaza boma tu. Na huyu mama alikuwa na ng'ombe wengi kabla ya kukimbia. Siku vita ilipofika kwao alifungua kamba za ndama kwa mkono wake, akaacha lango wazi, akaondoka bila kugeuka. Tangu siku ile hakugusa ng'ombe. Ijumaa akatoa sanduku lake, akatafuta kitenge cha kijani cha sikukuu, akamwambia binti yake amwambie mukwe wake kwamba anaenda pia.

"Mwambie ukweli," nikamwambia mke wangu chumbani.

"Mwambie wewe."

"Mimi? Mimi nitamwambiaje?"

"Bon. Basi mchukue." Yeye mwenyewe alikuwa na kazi Jumamosi, kule anakotunza wazee, akageukia ukuta na kucheka mpaka kitanda kikatikisika. Nilikasirika sana, na hasira ile haikunisaidia kitu.

Tukaondoka asubuhi. Mama mkwe nyuma, upande wa mbali na mimi. Chatu mbele, ndani ya foronya iliyofungwa fundo, foronya ndani ya sanduku la plastiki, na sanduku nimelifunga mkanda, kwa sababu kule nyuma ya gari ni baridi na nyoka hawezi kujitengenezea joto. Mama alilitazama lile sanduku muda mrefu.

"Ee Bwana," akasema, "kama huyu mtoto angezidisha moto kidogo ya gari."

Nikazidisha.

"Asante Bwana. Na ile chakula amebeba, uichunge isiharibike."

Nikakaza macho barabarani. Karibu na Cincinnati akaanza kumwelezea Bwana ng'ombe anaotarajia kuwaona, wa Amerika, ambao amesikia wana maziwa kama bomba. Nilijaribu kufungua kinywa mara kadhaa. Ningeanza vipi? Nikasema nitamshusha kwanza kwa mdogo wake anayekaa Morse Road, hapo hapo Columbus, nikapiga simu, mdogo wake akasema yuko kazini mpaka alasiri na nyumba imefungwa. Mambo yangu yanakuwaga hivyo.

Ukumbi ulikuwa mkubwa kama ghala letu, umejaa watu tangu nje. Mlangoni kila mnyama anayeingia anachunguzwa kama ana utitiri, na hilo nililijua, ila kwa jinsi kichwa changu kilivyokuwa kimejaa ng'ombe nilisahau kumweka mama kando. Msichana mwenye tochi akafungua kifuniko, akafungua fundo la foronya, akasema maneno matamu kama anasema na mtoto mchanga, na chatu wangu akainua kichwa, akatoa ulimi, akamtazama mama mkwe moja kwa moja.

Mama hakupiga kelele. Alirudi hatua nyuma, akakaa kwenye kiti cha plastiki cha mtu mwingine, akafunga macho. Watu walitupita wakiwa na mijusi mabegani. Mtu mmoja alipita na kobe amemkumbatia kama mkate. Mama akafungua macho, akaangalia ukumbi wote kutoka upande huu mpaka upande ule, meza kwa meza.

"Bwana," akasema, "ng'ombe ziko wapi?"

Nikasema kwa kutazama sakafu kwamba hakuna ng'ombe. Nikasema kama anataka, namrudisha garini na kuwasha moto. Akamwambia Mungu kwamba garini peke yake haendi, nchi ni ya watu, na kama ni kufa afe akiona. Akasimama, akashika mkia wa koti langu kwa vidole viwili, tukaingia.

Mtu asiyejua anafikiri maonyesho ya nyoka ni mahali pa kutisha. Hakuna mahali pa upole kama pale. Meza ndefu, taa za joto, harufu ya vumbi la mbao, vikopo vya plastiki kama vya aisikrimu na ndani yake kila kimoja mjusi mmoja anafikiria maisha yake. Kila meza ina dawa ya mikono, na kila mwenye meza anataka uulize. Wanaume wenye michoro mpaka shingoni wanazungumza kwa sauti ya chini wasimwamshe mtu. Mimi pale ni mtu mwingine kabisa. Kule ghalani hakuna anayeniuliza kitu, ila pale naulizwa, najibu, nachekeshwa. Mama alikuwa nyuma yangu anasema Zaburi, na nikasikia ile Zaburi inapungua sauti kila meza.

Tulisimama kwa mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe mpaka kifuani, ambaye alikuwa na chatu wa aina yangu wa kila rangi, wekundu, wa kahawia, wa njano, wenye madoa, wasio na madoa. Kila mmoja na karatasi ya baba na mama. Mama akavuta koti langu.

"Bwana, muulize ule muzungu, mama ya ule mwekundu alikuwa rangi gani?"

Nikatafsiri maombi. Macho ya mzee yakawaka. Ukitaka kuchelewa popote, muulize mfugaji habari za mnyama wake. Akasema mama alikuwa hivi, nyanya alikuwa hivi, dume alimtoa kwa rafiki yake, ile rangi ilijificha uzao mzima na ikatokea kwa wajukuu. Nikatafsiri yote. Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za kijiji anachokijua.

"Inajifichaka," akasema. "Hata kwetu inajifichaka. Muulize kama ule dume hakuwa na hasira."

Mzee akasema alikuwa na hasira kweli, akaonyesha kovu kidoleni. Mama akacheka. Mimi sikuwahi kusikia kicheko chake. Akanyoosha kidole, mbali kidogo na kioo, akaanza kuwapita mmoja mmoja. "Huyu ni gaju. Ule ni bihogo. Huyu ni bugondo, angalia madoa." Ni majina ya rangi za ng'ombe, maneno ambayo mara ya mwisho niliyasikia nikiwa na fimbo ndefu kuliko mimi. Nikajifanya nasoma bei.

Tukamkuta kijana wa Buffalo kwenye kona, nyuma ya mijusi yake. Mrundi mwenye adabu. Alimwamkia mama kwa mikono miwili, akampa kiti, akampa maji. Nikaweka sanduku mezani. Akafungua, akamtoa chatu kwa namna nzuri, akimshika katikati na kumwacha atembee mwenyewe, nikaona wazi kwamba sikukosea. Atakuwa na maisha mema. Nikaanza kumweleza. Anakula jioni, si asubuhi. Macho yakiwa na ukungu asimguse. Anapenda kujificha upande wa kushoto, sijui kwa nini, ukimhamisha anarudi. Maji yasiwe ya baridi. Nikarudia lile la jioni.

"Kaka," kijana akasema, "umeshaniambia."

"Najua."

"Basi niachie kifuniko."

Nikatazama, mkono wangu ulikuwa bado juu ya kifuniko, umekishika. Nilikuwa na huzuni, acha niseme hivyo hivyo, huzuni ya kulia, mwanaume mzima, mbele ya vikopo vya mijusi. Niliona aibu na aibu haikuiondoa.

"Bwana," mama akasema kutoka kwenye kiti chake, "muulize huyu mukwe wangu, kama anamupenda hivi, kwa nini anamutoa?"

Kijana wa Buffalo, ambaye hakujua mambo ya nyumbani kwangu, akamjibu kwa heshima zake zote. "Mama, alinieleza kwamba kuna mgeni amekuja kukaa kwao. Mgeni anaogopa nyoka."

Mama akashusha chupa ya maji. Akainuka, akaja akasimama upande wa pili wa meza, na akaniangalia usoni. Sikujua nifanye nini na macho yangu. Miaka yote tangu nimwoe binti yake sikuwahi kuyaona macho yake kwa karibu.

"Mukwe wangu," akasema, na hakumwambia Mungu, aliniambia mimi. "Mi niliacha zangu juu ya vita. Lango wazi, na ziko zinaniita. We unaacha yako juu yangu. Donc mi njo vita?"

"Hapana, mama."

"Sema tena."

"Hapana, mama. Wewe si vita."

Kijana wa Buffalo akamrudisha chatu kwenye foronya, akafunga fundo, akamlaza ndani ya sanduku bila kuulizwa na mtu, akalisogeza upande wangu wa meza. Mimi nilikuwa nimesimama tu, uso umelowa, mikono imening'inia, watu wanatupita na mijusi yao.

Mama akanipa pembe ya kitenge chake nijifute.

"Sasa funga ile kifuniko," akasema. "Munyama anasikia baridi."